Shambulio la Hofu na Suala la Lawama

Shambulio la hofu ni wimbi la woga mkali linalomjia mtu ghafla, mara nyingi pasipo hatari yoyote ya kuonekana, na kufikia kilele ndani ya dakika 10 hivi. Moyo huenda mbio, pumzi hukatika, jasho humtoka, vidole hufa ganzi, na mtu husadiki kwamba anakufa au anarukwa na akili. Wimbi likishapita hubaki swali ambalo daktari haulizwi, hasa kwa mtu wa dini: aliyemtegemea Mungu kweli angetetemeka hivyo?

Swali hili ni la kale. Aulus Gellius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 2, anasimulia safari yake ya baharini kutoka Cassiopa kwenda Brundisium. Dhoruba iliwakamata, na chomboni alikuwamo mwanafalsafa wa Kistoa mwenye jina kubwa. Abiria wengine walilia na kuomboleza. Yeye hakulia, ila uso ulikuwa umempauka kama wao. Bahari ilipotulia, tajiri mmoja akamdhihaki. Gellius alipomuuliza baadaye kwa adabu, mwanafalsafa alitoa mkobani kitabu cha tano cha mafundisho ya Mstoa Epictetus. Hoja iliyomo ni kwamba mshtuko wa kwanza humpata hata mwenye hekima, kwa kuwa huitangulia akili. Tofauti huja baadaye: mpumbavu huusadiki mshtuko ule, mwenye hekima hauidhinishi. Augustino, askofu wa Hippo, alikirudia kisa hicho katika kitabu chake Mji wa Mungu.

Mwili unakubaliana na Wastoa. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kabla mtu hajawaza lolote. Kuhema harakaharaka hupunguza kabonidioksidi katika damu, ndipo huja kizunguzungu na ganzi. Hapo hakuna uamuzi, kwa hiyo hakuna dhambi. Hatua ya pili ilielezwa mwaka 1986 na mwanasaikolojia Mwingereza David Clark: mtu huyatafsiri mapigo ya kasi ya moyo wake kuwa ni moyo unaosimama, tafsiri ikazidisha hofu, na hofu ikazidisha mapigo.

Zaidi ya miaka 1,000 kabla yake, mwanazuoni wa Kiislamu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kuhusu masilahi ya miili na nafsi pamoja. Alishauri kwamba kama watu wanavyoweka dawa nyumbani kwa ajili ya maradhi ya ghafla, vivyo hivyo waweke akiba ya mawazo yenye afya wakati nafsi imetulia, wayatumie itakapochafuka.

Hata hivyo, anayepatwa na hali hii bado huambiwa ana jini, au imani yake haba. Kisomo na maombi vinaweza kumtuliza. Lawama humwongezea hofu nyingine, ya kuonekana kafiri wa moyoni. Maandiko hayaiungi mkono lawama hiyo. Katika Kurani, Musa aliingiwa na hofu mbele ya kamba na fimbo za wachawi, kisha ndipo akaambiwa asiogope. Injili ya Luka inamwonyesha Yesu katika dhiki usiku wa kukamatwa, jasho likimtoka kama matone ya damu. Neno “usiogope” huambiwa aliyekwisha kuogopa. Linahusu atakachofanya na hofu yake.

Na afanye nini? Asishindane na wimbi la kwanza. Apumue polepole, akirefusha kutoa pumzi kuliko kuvuta, na abaki alipo. Hili la kubaki ndilo gumu. Anayeshuka kwenye daladala kituo cha karibu hupata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo humfundisha kwamba hatari ilikuwa daladala. Kesho hapandi, baadaye haendi sokoni, mwishowe hata msikitini au kanisani. Sala nayo ina pande mbili: humsaidia mtu kubaki, au huwa hirizi ambayo bila kuikariri hathubutu kutoka nyumbani.

Dalili hizi, hasa zikiwa na maumivu ya kifua, zinapomjia mtu kwa mara ya kwanza, aende hospitali bila kusubiri, kwa sababu maradhi ya moyo, tezi ya shingoni, upungufu wa damu na sukari kushuka huweza kuleta dalili hizohizo. Mashambulio yakirudi mara kwa mara, tiba ya mazungumzo na baadhi ya dawa za sonona husaidia.