Plagi Mpya, Injini Ileile



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Shinyanga. Baba mdogo alikuwa anauza gari lake apate ada ya mdogo wangu, na mteja alikuwa kijana wa Geita mwenye akiba aliyoichuma kwenye maduara ya dhahabu. Asubuhi, injini ikiwa bado ya baridi, tulifungua plagi zote nne. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia iliyofifia, dalili nzuri. Ya nne ilikuwa nyeusi tii, imelowa oili. Hapo fundi yeyote anajua oili inapenya, pengine ringi za pistoni zimekwisha.

"Frateri, kimbia dukani kalete plagi mpya nne." Nikaenda. Wakati nazifunga nikamuuliza, "Baba mdogo, mteja tutamwambia?"

Akacheka. "Akiuliza nitamjibu. Akikuta plagi safi, nimesema uongo gani?"

Swali gumu hilo. Je, mtu anaweza kudanganya bila kutamka neno?

Mtakatifu Thoma wa Akwino alilichambua katika Summa Theologiae, karne ya 13. Kasoro inayoonekana wazi, kama farasi mwenye jicho moja, muuzaji halazimiki kuitangaza, mradi bei iwe ya haki. Lakini kasoro iliyofichika, inayoweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, lazima aitaje. Nasi tulikuwa tumefanya zaidi ya kunyamaza. Ile plagi nyeusi ilikuwa shahidi, tukamwondoa. Mikono yangu ilikuwa imeshasema uongo, mdomo ukiwa umefungwa.

Mteja alipofika, niliitoa ile plagi mfukoni nikaiweka juu ya boneti. Baba mdogo aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaeleza yote. Gari liliuzwa, ila bei ilishuka. Hakuniongelesha hadi jioni, na ada bado haijatimia. Sitawadanganya kwamba ukweli haukugharimu kitu, tena aliyelipa zaidi siyo mimi.

Toka siku hiyo najiuliza kila ninapojiandaa kwa kitubio: nimekuja kuonyesha plagi yenye oili, au nimebadilisha kwanza ili nionekane safi? Tabasamu la Jumapili ni plagi mpya. Injini anaijua Mungu, na ndiye anayetaka kuitengeneza.

Wewe je, ni plagi ipi umeificha mfukoni?

Tuombeane.