Mti Usiozaa: Tuukate au Tuungojee?

Swali hili ni la zamani: mti ukikataa kuzaa, mwenye shamba afanye nini? Wengine husema, "Ukatwe, unaharibu udongo bure." Wengine husema, "Ngoja." Lakini kukata bila kuchunguza ni haraka mbaya, na kungoja bila kufanya kazi ni uvivu.

Tutazame mkomamanga. Sisi wa Saio, hapa Bunia, makomamanga tunayasikia katika Biblia kuliko kuyaona sokoni: Musa aliyataja miongoni mwa mazao ya nchi ya ahadi. Katika Omani, nchi ya Waarabu ambako wako wengi wanaosema Kiswahili, hulimwa katika milima ya Jabal Akhdar. Nchi ni kavu. Maji huletwa kwa mifereji iitwayo falaj, na kila mwenye shamba hupata zamu yake kwa saa zilizohesabiwa.

Mti huu ukinyauka jangwani, asiyeujua hukimbilia kumwaga maji mengi. Kumbe mizizi ikikaa siku nyingi katika matope, huoza. Akiuacha udongo ukauke kabisa, kisha akaulowesha ghafula, matunda hupasuka. Akitia mbolea kupita kiasi, hupata majani mazuri bila matunda. Mkulima mwenye akili huchimba kidogo kwanza, autazame udongo. Hunywesha kwa kiasi na kwa zamu, huondoa machipukizi ya shinani yanayokula nguvu ya mti, kama tunavyofanya kwa kahawa, na hufunika udongo kwa majani makavu. Hata hivyo mche hutaka miaka 2 au 3 kabla ya kuanza kuzaa.

Je, watu si vivyo hivyo? Ituri yetu imeonja vita tangu mwaka 1999, na vijana wengi waliingizwa katika makundi yenye silaha. Mmoja akirudi nyumbani, mkali, asiyetaka kazi, jirani husema, "Huyo amekwisha kuoza." Mama yake, kwa huruma, humpa kila kitu wala hamwulizi neno. Jirani anashika shoka. Mama anamwaga maji kupita kiasi.

Mtu atauliza: na yule aliyechomewa nyumba, yeye avumilie mpaka lini? Ana haki ya kuuliza. Uvumilivu haufuti haki. Aliyekosa akiri, atengeneze anachoweza kutengeneza, ajifunze kazi. Kupogoa nako ni kutunza, ingawa mti unaumia.

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, mtunza shamba aliuombea mtini usiozaa mwaka mmoja zaidi. Hakuomba muda usio na mwisho, wala hakusema atakaa kuutazama tu: aliahidi kuupalilia na kuutilia samadi kwa mikono yake mwenyewe.

Basi, kabla hatujashika shoka, tujiulize: je, jembe tumelishika?