Mvua Ikinyesha, Nauli Hupanda

Jina "matatu" lilitokana na bei: mapeni matatu, yaani senti 30. Ulijua nauli kabla hujapanda. Mabasi ya Kenya Bus Service yalikuwa Nairobi tangu 1934, lakini hayakufika kila mtaa. Matatu zikajaza hilo pengo bila leseni, hadi 1973 Rais Kenyatta alipoziruhusu. Zilipendwa kwa sababu zilibeba walioachwa.

Juzi jioni kulinyesha, na nauli yetu ya 50 ikawa 100. Makanga alikuwa na hoja. Jam ikishika, raundi zinapungua, na mwenye gari anataka pesa yake ya siku ileile. Nilimwelewa. Lakini kulikuwa na mama mwenye mtoto mgongoni, na alikuwa na hamsini tu. Akaambiwa ashuke.

Mimi nilikuwa na noti ya mia mbili. Nikaangalia simu.

Huwa tunauliza kama makanga ni mwizi. Sidhani swali liko hapo. Viti vikiwa vichache, lazima mtu aachwe. Swali ni nani anachagua. Bei ikipanda na mvua, haiulizi nani amechoka wala nani ana mtoto. Inauliza nani anazo. Na sisi tulio nazo tukinyamaza, tumekubali jibu, halafu tunamlaumu makanga kwa kulitamka.

Tulipofika Roysambu, makanga alinirudishia chenji yangu, mia moja kamili. Yule mama alipungukiwa na hamsini.