Jina la Bendi na Deni la Marehemu

Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka, na nyufa zake zikafika hadi Munigi, karibu na uwanja wa ndege wa Goma, mashariki mwa Kongo. Lava iliingia mjini, ikateketeza nyumba, maduka na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Watu walirudi wakajenga juu ya mawe yaleyale meusi. Kanisa kuu liliungua, lakini jimbo Katoliki halikufa. Waamini waliendelea kusali na kubatiza watoto wao.

Je, bendi nayo inaweza kurudi hivyo, baadhi ya wanamuziki wake wakiwa wameshazikwa, na bado ikastahili jina lake la zamani?

Plutarch aliandika juu ya merikebu ya Theseus, ambayo Waathene waliitunza kwa kubadilisha kila ubao uliooza, hata wanafalsafa wakabishana kama bado ni ileile. Mfano huo hautoshi. Ubao ukiondolewa haudai kitu. Mwanamuziki akifariki huacha tungo, watoto na ahadi.

Huko Detroit, Marekani, ndugu watatu wa ukoo wa Hackney walirekodi muziki wa panki mwaka 1975 kwa jina la Death, yaani Kifo. Kampuni kubwa ya muziki ilitaka walibadilishe jina hilo. David, aliyelichagua baada ya baba yao kufariki, alikataa, na makubaliano yakavunjika. Kabla ya kufa mwaka 2000 alimkabidhi nduguye Bobby kanda zile, akisema ipo siku ulimwengu utazitafuta. Zilitoka mwaka 2009. Mwaka 2015 Bobby na nduguye Dannis, wakiwa na mpiga gitaa mwingine, walitoa albamu mpya, N.E.W., kwa jina lilelile.

Karibu zaidi na Goma wapo Les Mangelepa, wanamuziki Wakongo waliojitenga na bendi ya Baba Gaston jijini Nairobi mwaka 1976. Mwaka 2017, wakiongozwa na Evany Kabila Kabanze, walitoa albamu ya Last Band Standing, wakizirekodi upya nyimbo zao za zamani, ukiwemo Nyako Konya. Wenzao kadhaa wa mwanzo walikuwa wameshatangulia mbele ya haki.

Katika Uislamu deni la marehemu hulipwa kabla urithi haujagawanywa. Sheria hiyo inafaa hapa. Jina la bendi ni amana: aliyebaki hulishika kwa niaba ya waliokwenda. Bobby alistahili jina la Death kwa sababu alizitunza kanda alizokabidhiwa. Anayechukua jina ili ajaze ukumbi tu, huku akiwasahau wenzake, amechukua kisicho chake, hata kama anapiga gitaa vizuri kuliko zamani.

Kwa hiyo vikundi vya Goma vitakavyorudi studio baada ya vita na kuhamahama viandike majina ya marehemu wao kwenye albamu, na sehemu ya mapato iwafikie wajane na yatima waliowaacha.