Ngozi ya Chuma

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mhunzi usemi huu haujakamilika, maana kibaya nacho chaweza kusuguliwa kikajiuza.

Mafundi wetu wa Iringa, hapa Kihesa nasi tukiwamo, hupenda kufua mapanga na mashoka kwa springi za magari makuukuu. Chuma hicho kina kaboni zaidi kidogo ya nusu asilimia, nayo kaboni ndiyo hukifanya kiwe kigumu kinapopozwa ghafula. Lakini kabla ya kupozwa sharti kipate moto wa nyuzi 800 hivi. Kikikaa mno katika moto unaopulizwa hewa nyingi, oksijeni hukila. Juu yake hutokea magamba meusi. Chini ya magamba hutokea hasara ya pili, isiyoonekana: kaboni nayo huungua, na ngozi ya chuma hubaki laini.

Magamba hayamdanganyi mtu, kwani kila mwenye macho huyaona. Fundi akiyaondoa kwa tupa, panga litang'aa, lakini ulaini ungalipo. Je, akiliuza hivyo amesema uongo, naye hakutamka neno?

Wako watakaojibu kwamba mnunuzi ana macho yake, na achague mwenyewe. Jibu hilo halinitoshi. Zamani Wakinga walifua majembe wakawauzia hata Wanyakyusa. Mnunuzi aliyekaa mbali na moto hakuwa na shahidi mwingine ila mhunzi. Ndivyo ilivyo hata leo: aliyeshika koleo ndiye ajuaye chuma kilikaa motoni muda gani. Ajuaye peke yake anadaiwa peke yake. Mng'ao ni ahadi, na mkulima hununua makali.

Sisi walimu hatuko mbali na deni hilo. Cheti tunachotia sahihi ni mng'ao wa mwanafunzi, na mzazi hawezi kuona kilicho chini yake.

Dawa ya mhunzi yajulikana: afunike chuma kwa makaa, apunguze pumzi za mivukuto, asikiache motoni kupita haja. Na ngozi ikisha kuharibika, ainoe mpaka akifikie chuma kizima, ijapokuwa panga litakuwa jembamba. Panga jembamba lenye makali laweza kuuzwa mchana kweupe, na muuzaji akamtazama mnunuzi machoni.