Jumatano: Kizuizi cha Moyoni

Soma Matendo 10:9-29. Ni nini kilichomzuia Petro?

Kutoka Yafa hadi Kaisaria ni mwendo unaokaribia ule wa Njombe hadi Makambako. Petro aliondoka, na siku iliyofuata akafika. Kazi ngumu ilikuwa darini, kabla ya safari: alikataa, na maono yakarudiwa mara tatu. (Hayakuhusu chakula, katika fungu la 28 Petro mwenyewe anaeleza kuwa yalihusu watu.) Na huyu ndiye aliyehubiri siku ya Pentekoste!

Makambako ni njia panda. Barabara ya kwenda Njombe na Songea huachana hapo na ile ya Mbeya, na reli ya TAZARA ina stesheni. Kanisa katika mji kama huo hupata sura mpya kila mara: utingo, mfanyabiashara wa mbao, mwalimu aliyehamishwa. Walioanzisha kundi hufurahi, kisha huingiwa hofu wageni wanapopendekezwa kuwa mashemasi. Kinywa husema "karibuni," moyo unahesabu viti. Petro alikuwa bado anatafakari maono aliposhuka na kuwakaribisha wageni walale (fungu la 23).

Kamati ya uteuzi ikikutana, ni nani ungesita kumpendekeza? Kwa nini?