Somo la 8: Kifaacho na Kilicho Kweli

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Hes. 20:1-13, Yer. 44:15-23, 1 Fal. 12:26-33, Yn. 11:47-53, Mt. 7:15-23, Dan. 3:16-18.

Fungu la Kukariri: Danieli 3:17, 18. Vijana watatu wanamwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa. Na hata asipowaokoa, hawataisujudia sanamu yake. Likariri kutoka katika Biblia yako.

Maji yalitoka. Jambo hilo halina ubishi katika kisa cha Kadeshi. Bwana alimwagiza Musa auambie mwamba utoe maji. Musa, akiwa amechoshwa na manung'uniko ya watu, aliupiga kwa fimbo mara mbili. Maji yakatoka mengi, watu wakanywa, na wanyama wao wakanywa.

Mtu ambaye angelipima jambo hilo kwa matokeo yake tu angesema kwamba kazi imefanikiwa. Kiu iliisha, na hakuna aliyekufa. Lakini Mungu hakusema hivyo. Musa na Haruni waliambiwa kwamba hawataliingiza kusanyiko katika nchi ya ahadi, kwa sababu hawakumwamini Mungu wala kumstahi mbele ya watu.

Juma hili somo linachunguza falsafa inayoitwa pragmatizimu, ambayo huipima kweli kwa matokeo yake. Wengi hawajawahi kusikia jina hilo, lakini mawazo yake yamo katika siasa, katika biashara, na hata katika vikao vya kanisa. Swali la juma hili ni moja: Je, jambo likileta matokeo mazuri, hiyo yatosha kulifanya kuwa kweli na haki?

*Jifunze somo la juma hili ili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.*

JUMAPILI

Falsafa Iliyozaliwa Baada ya Vita

Mwanzoni mwa miaka ya 1870, vijana wasomi walikuwa wakikutana katika mji wa Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani. Miongoni mwao walikuwamo Charles Sanders Peirce, William James, na mwanasheria Oliver Wendell Holmes, aliyejeruhiwa mara tatu katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861 hadi 1865. Taifa lilikuwa limeona pande mbili zikiuana, kila upande ukiwa na hakika kwamba Mungu yuko pamoja nao. Baadhi ya wasomi hao wakaanza kuogopa kila mtu anayedai kuwa na hakika kamili.

Mwaka 1878 Peirce aliandika kwamba, ili kuielewa dhana yoyote, mtu aulize ina athari gani katika matendo. James aliichukua njia hiyo akaenda nayo mbali zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka 1907 alifundisha kwamba wazo huwa kweli kadiri linavyothibitika kufaa katika maisha. Hata kuhusu Mungu alisema vivyo hivyo: ikiwa dhana ya kuwapo kwake inafaulu kwa mapana katika maisha ya watu, basi ni kweli. Peirce hakupendezwa. Mwaka 1905 aliipa falsafa yake jina jipya, baya kiasi kwamba, kwa maelezo yake, hakuna ambaye angetaka kuliiba.

Haifai kumdharau James. Katika siku ambazo wasomi wengi waliona kwamba sayansi imeifuta dini, yeye alitaka kuiachia dini nafasi. Tena swali lake la kwanza ni jema: imani hii inaleta tofauti gani katika maisha? Mtume Yakobo aliuliza karibu hilohilo (Yak. 2:14-17). Hatari inaanza pale swali hilo linapogeuzwa kuwa kipimo pekee cha kweli.

*Kuna tofauti gani kati ya kusema "Mungu yupo, kwa hiyo maisha yangu yamebadilika" na kusema "Imani katika Mungu inanisaidia, kwa hiyo yupo"?*

JUMATATU

Ushahidi wa Wakimbizi wa Misri

*Soma Yeremia 44:15-23. Watu walitoa sababu gani za kuendelea kumfukizia uvumba malkia wa mbinguni? Yeremia aliwajibuje?*

Yerusalemu ilikuwa imeanguka. Masalio ya Yuda walikimbilia Misri, wakamchukua na Yeremia. Nabii alipowakemea kwa ibada ya sanamu, hawakumjibu kwa hasira tupu. Walimjibu kwa hoja. Zamani, walisema, tulipomfukizia uvumba malkia wa mbinguni, tulikuwa na chakula tele na hatukuona mabaya. Tangu tulipoacha, tumepungukiwa na kila kitu, na upanga na njaa vimetumaliza.

Hii ni hoja ya matokeo, na haikuwa na uongo wa wazi ndani yake. Chakula kilikuwapo kweli. Njaa ilikuja kweli. Walichokosea ni sababu. Yeremia aliyatazama matukio yaleyale akasoma jambo jingine: maafa yalikuja kwa sababu ya uvumba ule ule, ambao Mungu aliuvumilia kwa muda mrefu.

Hapo unaonekana udhaifu wa kwanza wa kuipima kweli kwa mafanikio. Matokeo hayajielezi yenyewe, yanahitaji mfasiri. Mtu aweza kwenda kwa mganga leo na kesho akapata kazi. Aweza kuhudhuria mkutano wa miujiza na homa ikashuka. "Nimefanikiwa" si sawa na "nimeijua kweli." Bila neno la Mungu, mtu husoma matokeo kama apendavyo.

*Ni wakati gani ulihesabu mafanikio kuwa kibali cha Mungu, kisha ukagundua kwamba ulikosea?*

JUMANNE

Dini Yenye Manufaa

*Soma 1 Wafalme 12:26-33. Yeroboamu aliogopa nini, na alitatuaje tatizo lake?*

Yeroboamu hakutengeneza ndama wawili kwa sababu alishawishika kwamba ndama ni mungu. Alipiga hesabu. Watu wakiendelea kupanda kwenda Yerusalemu, mioyo yao itamrudia Rehoboamu, naye atauawa. Kwa hiyo akaweka ibada karibu, moja Betheli na nyingine Dani, akawaambia watu kwamba safari ya Yerusalemu ni mzigo kwao. Ilikuwa dini rahisi, ya karibu, iliyolinda umoja wa taifa jipya. Ilikuwa na kila faida isipokuwa kweli.

John Dewey, mwanafalsafa wa tatu mkubwa wa pragmatizimu, alitoa mwaka 1934 kitabu kilichopendekeza kwamba moyo wa kidini ubaki, lakini imani katika mambo yapitayo asili iachwe. Kwa mtazamo huo, dini hupimwa kwa mchango wake kwa jamii. Lakini dini inayoishi kwa sababu ya manufaa yake itaulizwa daima: manufaa kwa nani?

Swali hilo liliwahi kuligusa Kanisa la Waadventista wenyewe. Tarehe 26 Novemba 1933, serikali ya Hitler ililipiga kanisa marufuku nchini Ujerumani. Marufuku hiyo iliondolewa tarehe 6 Desemba. Katika miaka iliyofuata, viongozi walijitahidi kuonyesha kwamba kanisa lina faida kwa taifa, hasa kwa huduma zake kwa maskini. Maneno yenye harufu ya Kiyahudi yalianza kuepukwa. Sabato ikaitwa "siku ya mapumziko," na hata jina Shule ya Sabato likabadilishwa. Katika sehemu mbalimbali, washiriki wenye asili ya Kiyahudi waliondolewa kanisani.

Viongozi hao hawakuwa wamesoma vitabu vya James. Walitaka tu kazi ya Mungu isife, na kwa kipimo hicho walifaulu: majengo yalibaki, ibada ziliendelea. Lakini ndugu aliyefukuzwa mlangoni kwa sababu ya damu yake hakuwa sehemu ya hesabu ile. Mwaka 2005, miaka 60 baada ya vita kwisha, makanisa ya Ujerumani na Austria yaliungama hadharani na kuomba msamaha.

*Kanisa likinusurika kwa kumwacha ndugu nje, ni nini hasa kilichonusurika?*

JUMATANO

"Yafaa"

*Soma Yohana 11:47-53. Hoja ya Kayafa ilikuwa nini?*

Baraza lilikuwa na hofu ya kweli. Likimwacha Yesu, Warumi watakuja na kuwaondolea mahali pao na taifa lao. Kayafa hakuuliza kama Yesu ana hatia, wala hakuuliza kama ishara zake zimetoka kwa Mungu, ingawa Lazaro alikuwa hai kijiji cha jirani. Aliuliza linalofaa. Mtu mmoja kwa taifa zima: kwa hesabu, ni bei nafuu.

Hesabu ya namna hiyo haikuishia Yerusalemu. Mwaka 1927 ilifika mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani kesi ya msichana wa Virginia, Carrie Buck. Sheria ya jimbo iliruhusu watu walioitwa wenye akili pungufu wafungwe kizazi kwa nguvu, ili wasilizalie taifa mzigo. Majaji 8 dhidi ya 1 waliikubali sheria hiyo. Aliyeandika hukumu alikuwa Holmes, yule kijana wa Cambridge, sasa mzee. Alitoa hoja kwamba, ikiwa taifa laweza kuwaita raia wake walio bora watoe uhai, laweza pia kuwadai wanyonge kafara iliyo ndogo zaidi. Carrie alifungwa kizazi. Baadaye ilidhihirika kwamba hakuwa na upungufu wa akili, na kwamba mimba iliyomtia aibu ilitokana na kubakwa. Mwaka 2002 gavana wa Virginia aliomba radhi kwa ajili ya mpango huo wa jimbo.

Holmes hakujiita mfuasi wa James, na si haki kuwabebesha wanafalsafa wote hukumu yake. Lakini ni vema kuona jinsi neno "yafaa" linavyoanza kwa upole na linapoishia. Anayelipa gharama yake karibu siku zote ni yule asiye na sauti katika kikao.

Wengine husema Kayafa alikosea kwa sababu mwaka 70 Warumi walikuja hata hivyo, wakaliteketeza hekalu. Jibu hilo bado linatumia mizani ya Kayafa. Hata kama Warumi wasingekuja kamwe, kumwua asiye na hatia kungebaki kuwa uovu.

*Soma Kutoka 23:2, 7. Sheria hii inamlindaje mtu mmoja dhidi ya faida ya wengi?*

ALHAMISI

Mti na Matunda Yake

*Soma Mathayo 7:15-23. Je, Yesu hakusema kwamba watu watatambuliwa kwa matunda yao?*

William James mwenyewe aliliegemea wazo hili katika mihadhara yake ya Edinburgh ya mwaka 1901 na 1902 kuhusu maisha ya dini. Kwa hiyo yampasa Mkristo alijibu kwa uangalifu.

Kwanza, matunda huutambulisha mti, hayauumbi. Mwembe hauwi mwembe kwa sababu umezaa maembe. Huzaa maembe kwa sababu ni mwembe. Vivyo hivyo maisha mema huthibitisha kweli, lakini kweli ilikuwapo kabla hayajaonekana.

Pili, tazama walioleta orodha ya mafanikio katika mafungu ya 22 na 23. Walitoa unabii, walitoa pepo, walifanya miujiza mingi. Yesu hayakani matokeo hayo. Anasema hakuwajua kamwe. Tunda analolitafuta liko katika fungu la 21: kuyafanya mapenzi ya Baba.

*Soma Danieli 3:16-18.* Shadraka, Meshaki na Abednego waliamini kwamba Mungu aweza kuwaokoa. Lakini utii wao haukufungwa kwenye jibu hilo. Hata wasipookolewa, hawatasujudu. Katika tanuru walikutana na Mwokozi, lakini walikuwa wamekwisha kuamua kabla ya kumwona. Waebrania 11:33-38 inawataja pamoja waliozima nguvu za moto na waliokatwa kwa misumeno, na wote walishuhudiwa kwa imani ileile.

*Kama utii wako hautaleta faida yoyote katika maisha haya, ni sababu gani itakayobaki ya kuendelea kutii?*

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma 1 Samweli 15:13-23 na Zaburi 73. Soma pia sura ya Ellen G. White inayohusu kupigwa kwa mwamba katika kitabu cha *Wazee na Manabii*.

Musa hakuingia Kanaani pamoja na kusanyiko. Hata hivyo, miaka mingi baadaye alisimama katika mlima ndani ya nchi ile, akizungumza na Yesu kuhusu kifo chake (Lk. 9:30, 31). Kifo hicho, kwa kipimo cha macho, kilikuwa kushindwa kabisa. Ijumaa ile jioni hakuna aliyeweza kuandika kwamba huduma ya Yesu imefaulu. Msalaba ulikuwa kweli siku ile, kabla ya Jumapili, na kabla mwanafunzi yeyote hajaona faida yake.

Maswali ya Kujadili:

1. Wahenga walisema, "Penye udhia penyeza rupia." Kuna mithali nyingine inayosema njia ya mwongo ni fupi. Mshiriki amecheleweshewa kibali cha biashara kwa miezi mingi na watoto wanahitaji ada. Darasa lenu lingemshauri nini, na lingemsaidia vipi kubeba gharama ya ushauri huo?

2. Mwanasiasa anaahidi kumalizia jengo la kanisa ikiwa atapewa mimbari Sabato moja kabla ya uchaguzi. Kisa cha Yeroboamu kinatoa mwanga gani?

3. Mwanafunzi alikataa kufanya mtihani siku ya Sabato, akapoteza mwaka mzima wa masomo. Ushuhuda wake hausimuliwi kanisani, ila wa wale ambao tarehe ya mtihani wao ilibadilishwa. Je, ushuhuda wa namna hiyo unafundisha kanisa nini kuhusu kweli?

4. Si kila busara ni pragmatizimu. Paulo alitumia uraia wake wa Kirumi (Mdo. 22:25). Darasa litatambuaje mpaka kati ya hekima na kuiacha kanuni?